Ushahidi Umo Kifunguni: Mantiki na Muktadha katika Kujaza Mapengo, kwa Kuzingatia Wanafunzi wa Kayole

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la kujaza mapengo kama linavyotumiwa kutahini Kiswahili nchini Kenya. Yanashikilia kwamba mwanafunzi wa mtaa kama Kayole, Nairobi, hawezi kulitegemea sikio lake kuchagua jibu, kwa kuwa Kiswahili alichokulia nacho kinatofautiana na kile cha mtihani katika mambo yale yale yanayotahiniwa. Badala yake afunzwe kutafuta ushahidi uliomo kifunguni: upatanisho wa kisarufi, viambishi vya wakati, viunganishi, na maana iliyo mbali na pengo. Aidha, makala yanaonyesha pale mantiki inapokoma, na yanamtaka mtunzi wa maswali naye awajibike.

Utangulizi

Hakuna aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya baina ya mwaka 1985 na 2023 asiyelikumbuka swali la mapengo. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985, pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ambao ulikipa Kiswahili hadhi ya somo la lazima lenye kutahiniwa. Kwa miaka mingi karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua, na 15 ya kwanza yalikuwa nafasi zilizoachwa wazi ndani ya vifungu vifupi, kila nafasi na majibu yake manne, A hadi D. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Pengo lenyewe halikuzikwa nao. Tathmini ya Gredi ya 6, yaani KPSEA, iliyoanza mwaka 2022, nayo ni ya kuchagua jibu, na vitabu vya marudio vingali vimejaa mapengo.

Ikumbukwe kwamba swali la namna hii halikubuniwa kwetu. Mwaka 1897 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza jaribio alilowapa watoto wa shule mjini Breslau: vifungu vilivyoondolewa maneno na silabi, mtoto avikamilishe. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliunda utaratibu wa kufuta maneno kwa kipimo maalumu, kwa mfano kila neno la tano, kisha msomaji akatakiwa kuyarejesha. Jambo moja katika historia hii husahauliwa, ilhali lina uzito mkubwa kwa hoja yetu. Taylor hakukusudia kwanza kumpima msomaji. Alikusudia kuyapima maandishi, apate kujua kifungu kipi ni chepesi na kipi ni kigumu kwa wasomaji fulani. Ni baadaye tu ambapo mizani ilipinduliwa, msomaji akawekwa mahali pa maandishi. Tutalirejelea jambo hili tutakapomfikia mtunzi wa swali.

Sikio la Kayole

Ushauri unaotolewa mara nyingi darasani ni huu: jaza kila jibu pengoni, soma sentensi yote, kisha chagua jibu linalosikika vizuri. Ushauri huu si mbaya kwa kila mtu. Mtoto aliyelelewa Unguja au Mvita, ambaye nyumbani husikia upatanisho wa ngeli kabla hajajua kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli, anaweza kuutumia akafanikiwa mara nyingi. Hata akiwa na lahaja yake, na mtihani uwe wa Kiswahili Sanifu, uti wa mgongo wa sarufi ni ule ule.

Kayole ni hali nyingine. Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara ya Kangundo, umekusanya Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii na wengineo, na lugha inayowaunganisha vijana wake ni Sheng pamoja na Kiswahili cha Nairobi kilicho jirani nayo. Mtoto wa Masimba au wa Junction husema bila kusita: kitabu yangu imepotea, vitabu zangu zimepotea, maji mingi, mtu mwenye alikuja. Haya si makosa ya ovyo. Ukiyasikiliza kwa makini utaona utaratibu: kisicho mtu kikiwa kimoja huchukua i-, vikiwa vingi huchukua zi-, na neno mwenye limegeuzwa kuwa kirejeshi. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu Sheng, anaichukulia kama lugha ya kienyeji ya Kenya iliyochipuka kutoka Kiswahili, wala si uchafu wa kuoshwa. Nakubaliana naye. Mtoto wa Kayole hakosi sarufi. Ana sarufi nyingine.

Sasa mwambie mtoto huyo achague jibu linalosikika vizuri. Atachagua yangu mahali pa changu, tena kwa uhakika, maana ndivyo mama, kondakta na mchezaji mwenzake wanavyosema. Ushauri uliokusudiwa kumsaidia unampeleka moja kwa moja kwenye jibu lililowekwa kumpoteza. Na tusisahau kwamba alama za KCPE ndizo zilizotumika kugawa nafasi za shule za upili. Mtoto aliyepoteza mapengo sita hakuambiwa kwamba ana sarufi nyingine. Aliambiwa kwamba hajui Kiswahili.

Dawa yake, kwa maoni yangu, si kumkemea kuhusu Sheng. Ni kumwondolea sikio kiti cha uamuzi na kumpa mtoto kazi ya upelelezi: kila jibu analochagua alitolee ushahidi kutoka kwenye maandishi yenyewe.

Kifungu kimoja na mapengo yake

Tutazame kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya wanafunzi wa masomo ya ziada mwishoni mwa wiki mtaani humo.

“Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka kwa siku nne. Mama alinituma kwa mchuuzi wa maji __1__ mkokoteni wake huegeshwa karibu na kituo cha matatu. Nilibeba mitungi miwili, __2__ wa manjano na mwingine wa samawati. Foleni ilikuwa ndefu ajabu. __3__, sikukata tamaa. Nilipokuwa nikingoja, mvulana mmoja __4__ kunitangulia, watu wakamzuia.”

Majibu ya pengo la kwanza ni: A. mwenye, B. ambao, C. ambaye, D. ambayo.

Pengo hili lina mitego mitatu, na kila mmoja umetegwa mahali pake. Jibu D limewekwa kwa sababu ya neno maji lililo mara tu kabla ya pengo. Jibu B limewekwa kwa sababu ya neno mkokoteni lililo mara tu baada yake. Jibu A ndilo la Kayole. Mwanafunzi ajiulize swali moja: ni nani au nini kinachorejelewa? Ushahidi umo katika neno dogo, wake. Mkokoteni ni wake nani? Maji hayana mkokoteni, na mkokoteni haujimiliki. Mwenye mkokoteni ni mchuuzi, naye ni mtu mmoja. Kwa hivyo ambaye. Na kwa nini isiwe mwenye? Katika Kiswahili Sanifu neno hilo hubeba umilikaji na hufuatwa na kinachomilikiwa: mchuuzi mwenye mkokoteni. Hapo maana imekwisha timia, na neno wake linabaki likielea bila kazi. Isitoshe, kitenzi huegeshwa kitatafuta mtendwa wa karibu, na tutajikuta tukimwegesha mchuuzi mwenyewe kituoni. Wanafunzi hucheka wanapofika hapo, na nimeona kwamba jibu lililochekwa halisahauliki upesi.

Pengo la pili: A. moja, B. kimoja, C. mmoja, D. mamoja.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomzidi Kiingereza kwa ukarimu. Vitabu vingi vya mbinu za mtihani vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza humwelekeza msomaji atafute maneno yenye maana sawa au kinyume, kisha viunganishi, basi. Mbinu hizo zinafaa, ila hazitoshi kwetu. Katika Kiswahili nomino huacha alama yake kwenye vivumishi, vimilikishi, virejeshi na vitenzi vinavyoifuata, kama mtu aliyekanyaga saruji mbichi akaondoka: ukifuta neno, nyayo zinabaki. Katika pengo hili nyayo ziko mbili baada ya nafasi, wa na mwingine, na moja kabla yake, miwili. Mitungi miwili ni ngeli ya U-I. Umoja wake ni mtungi, na mtungi ni mmoja. Wanafunzi kadhaa walilikataa jibu hili kwa hoja kwamba mmoja ni wa watu. Hoja yenyewe ina mantiki. Kilichopungua ni mifano waliyofunzwa, ambayo daima ilikuwa mtoto mmoja na mwalimu mmoja. Mwalimu angewapa pia mti mmoja, mkono mmoja na mkate mmoja, utata huu usingekuwapo.

Funzo jingine la pengo hili ni kwamba ushahidi unaweza kuwa baada ya nafasi. Mwanafunzi anayesimama pengoni na kujibu kabla ya kufika kwenye nukta anajinyima nusu ya ushahidi wake.

Pengo la tatu: A. kwa hivyo, B. hata hivyo, C. vilevile, D. almradi.

Napendekeza mwanafunzi ayafunike majibu yote manne kwa kiganja, asome kishazi cha kwanza, kisha aseme anatarajia nini kifuate. Foleni ndefu ajabu: anatarajia mtu achoke, arudi nyumbani. Kishazi cha pili kinasema sikukata tamaa. Tarajio limepingwa, kwa hivyo kiunganishi lazima kiwe cha kupinga, nacho ni hata hivyo. Sasa tuondoe ukanushi, tuandike nilikata tamaa. Tarajio limetimia, na jibu linageuka kuwa kwa hivyo. Kiambishi kimoja, si-, kimebadilisha kiunganishi kilicho mbele yake. Zoezi hili la kugeuza kauli na kutazama jinsi jibu linavyogeuka nalo lina faida kubwa kuliko kujibu mapengo kumi mapya, maana linaonyesha kwamba jibu halikutoka hewani.

Pengo la nne: A. hujaribu, B. alijaribu, C. angejaribu, D. akijaribu.

Kidokezo ni wakamzuia. Kiambishi -ka- husimulia tukio linalofuata tukio jingine. Hakiwezi kusimama bila mtangulizi. Basi kabla ya kuzuiwa lazima kuwe na tendo lililokamilika la kuzuiwa. Hujaribu ni mazoea, na hapa tunasimuliwa siku moja. Angejaribu linadai sharti, na hakuna sharti. Akijaribu linaacha sentensi bila kitenzi cha kuibeba. Linabaki alijaribu. Msomaji makini atauliza: je, akajaribu? Lingekubalika, na kwa sababu hiyo hiyo halikutiwa miongoni mwa majibu. Mtunzi aliyelitia angekuwa na majibu mawili sahihi na kesi mkononi.

Ushahidi ulio mbali na pengo

Mapengo manne tuliyoyaona ushahidi wake ulikuwa ndani ya sentensi. Yapo mengine ambayo sentensi yake inamdanganya msomaji, na ukweli umo katika sentensi inayofuata. Mfano:

“Stima zilipopotea mtaani jioni hiyo, kinyozi __ kazi yake. Wateja walishangaa kusikia mashine ikinguruma gizani, wasijue kwamba alikuwa amenunua betri.”

Majibu: A. alisitisha, B. hakuacha, C. aliahirisha, D. alikatiza.

Mtoto wa Kayole ana tajiriba ya stima kupotea. Anajua kwamba zikipotea, kinyozi hukaa nje kwenye kiti na kungoja. Tajiriba hiyo ni maarifa ya kweli, nayo ni sehemu ya muktadha. Lakini kifungu kinapotoa ushahidi wake chenyewe, ushahidi wa kifungu ndio unaotawala. Mashine inanguruma, betri imenunuliwa, wateja wameshangaa. Neno walishangaa pekee lingetosha kumtahadharisha msomaji kwamba lililotokea si la kawaida. Jibu ni B.

Hata hivyo, swali hili nimeliweka hapa kwa sababu ya pili: ni swali bovu. Tazama majibu tena. Alisitisha, aliahirisha na alikatiza ni ndugu. Yote yanahusu kuiacha kazi, kwa muda au kabisa. Kwa kuwa jibu sahihi ni moja tu, ndugu watatu hawawezi kuwa sahihi wote, na mtoto mjanja atachagua aliye peke yake bila kusoma hata mstari mmoja wa kifungu. Mantiki hiyo ni mantiki pia, ila ni mantiki ya kumsoma mtunzi badala ya kusoma kifungu. Wapo walimu wanaoifunza kama mbinu ya mtihani. Siwalaumu, kwa sababu mtihani una shinikizo lake, lakini tusiiite ufahamu.

Upo muktadha wa aina nyingine unaomsaidia mwanafunzi pale ambapo maisha yake hayakumfunza neno. Chukua sentensi hii: “Maji ya bahari __, watoto walitembea hadi kwenye miamba kuokota kome.” Majibu ni: A. yalipojaa, B. yalipokupwa, C. yalipofurika, D. yalipochafuka. Mtoto ambaye hajapata kuuona mwambao hajui kupwa na kujaa kwa maji. Lakini anaweza kufikiri hivi: watoto wametembea mahali ambapo kwa kawaida pana maji, basi maji yamepungua au yameondoka. Kujaa na kufurika ni kuzidi, na bahari iliyochafuka haiendewi na watoto. Limebaki neno asilolijua, na ndilo jibu. Hapo hakubahatisha. Amefikia jibu kwa njia halali na, zaidi ya hayo, amejifunza neno. Hii ndiyo faida ya swali la mapengo linapotungwa vizuri: linafunza huku likipima.

Hali ni hiyo hiyo katika msamiati wa malipo, ambao watunzi wa mitihani wanaupenda mno. “Mpangaji mpya alitoa __ ili nyumba asipewe mtu mwingine, akaahidi kumaliza deni la kodi wiki iliyofuata.” Majibu: A. fidia, B. kiingilio, C. arubuni, D. ushuru. Kila mtoto wa Kayole anakijua kitu chenyewe, maana amewaona wazazi wakihama nyumba; ila nyumbani kinaitwa diposti. Kifungu kimetoa fasili kamili: pesa za mwanzo za kushikilia kitu. Anayejua kwamba fidia hulipwa aliyedhurika, kiingilio hulipwa mlangoni na ushuru hulipwa serikali, atafika kwenye arubuni kwa kuondoa yasiyofaa. Asiyejua hata moja kati ya hayo hatafika, na mantiki haitamwokoa.

Pale mantiki inapokoma

Sentensi hiyo ya mwisho inatufikisha kwenye mipaka. Baadhi ya mapengo hayatatuliwi kwa kufikiri, na ni dhuluma kumfanya mwanafunzi aamini kwamba angefikiri zaidi angepata. Mfano dhahiri ni methali. “Haba na haba hujaza __.” Tukiweka majibu kisima, kikapu, kibaba na kisahani, kitenzi hujaza kinadai chombo au mahali pa kujazwa, na yote manne yanakidhi sharti hilo. Hata ngeli haisaidii, kwani yote ni ya KI-VI. Kinachohitajika ni kumbukumbu tu. Na kumbukumbu yenyewe imeegemea kitu ambacho mtoto wa Nairobi hajakiona: kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, ilhali yeye maharagwe na mahindi ameyaona yakipimwa kwa gorogoro. Simaanishi methali zisifunzwe. Zifunzwe, na kibaba kielezwe. Ninachosema ni kwamba pengo la methali linapima aliyoyasikia mtoto, wala si uwezo wake wa kusoma, na anayetoa alama azitafsiri hivyo.

Mapengo ya nahau yana hali kama hiyo, ingawa si kwa ukali huo. Kula njama, kupiga moyo konde, kuvunja ungo: hakuna hoja itakayomwonyesha mtu kwa nini njama huliwa. Hapa muktadha husaidia kujua maana inayotakiwa, lakini haumpi mtu neno.

Mtunzi wa swali naye apimwe

Turudi kwa Taylor. Ikiwa chombo hiki kilianza kama mizani ya kupima maandishi, basi darasa zima linapokosa pengo moja, swali la kwanza lisiwe “wanafunzi hawa wana nini?” bali “pengo hili lina nini?” Huenda ushahidi haupo. Huenda majibu mawili yanakubalika. Huenda neno lililofutwa ndilo lililokuwa ufunguo wa kifungu, na kuliondoa ni kuuondoa mlango pamoja na kitasa.

Nimeona katika karatasi za majaribio zinazouzwa mashuleni pengo kama hili: “Mwalimu aliingia darasani __ akaanza kufunza.” Majibu: A. kisha, B. halafu, C. lakini, D. ingawa. Kisha na halafu zote zinafaa. Mwongozo wa kusahihishia ulikubali A pekee. Mwanafunzi aliyechagua B alikosa alama kwa kujua Kiswahili. Ubaya wa swali kama hilo hauishii kwenye alama moja iliyopotea. Unamfunza mtoto kwamba jibu halina sababu, ni siri ya mwenye mwongozo, na mtoto aliyeamini hivyo huacha kutafuta ushahidi hata pale ulipo.

Kipimo rahisi ambacho mtunzi anaweza kujipa ni hiki. Kwa kila pengo aandike pembeni neno au kiambishi kilichomo kifunguni ambacho kinalithibitisha jibu lake, kisha kwa kila jibu potofu aandike sababu ya kulikataa. Akishindwa kuandika, aliache pengo hilo. Kazi hii inachosha, nakiri, na karatasi za haraka haraka zitaendelea kutungwa bila kuifanya. Lakini sisi wa vyuo vikuu, ambao wengi wetu tutakwenda kufundisha na kutunga mitihani, hatuna kisingizio.

Darasani

Nimejaribu taratibu tatu na wanafunzi wa Kayole, na ninazieleza kwa ufupi kwa faida ya wenzangu watakaokwenda mazoezi ya kufundisha.

Ya kwanza ni kuwapa kifungu bila majibu manne, kama alivyofanya Taylor. Mwanafunzi aandike neno lake mwenyewe pengoni. Hapo ndipo unapoona sarufi aliyo nayo kichwani, maana majibu ya kuchagua huificha. Kwenye pengo la mchuuzi wa maji, walio wengi waliandika mwenye bila kushawishiwa na mtu. Ni baada ya hapo tu ndipo majibu yanapotolewa na mjadala kuanza.

Ya pili ni kutotoa alama kwa jibu lisilo na ushahidi. Mwanafunzi hupigia mstari neno lililomwongoza, hata kama ni kiambishi kimoja. Mwanzoni hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Baada ya majuma machache wanaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mstari upigwe wapi, na mwalimu anaweza kuketi.

Ya tatu huwashangaza baadhi ya walimu. Sentensi ya Sheng huandikwa ubaoni upande mmoja, na ya Kiswahili Sanifu upande wa pili, kisha wanafunzi wanaulizwa waeleze kanuni ya kila upande. Kitabu yangu imepotea. Kitabu changu kimepotea. Vitabu zangu zimepotea. Vitabu vyangu vimepotea. Nilitarajia waeleze upande wa Sanifu kwa shida na ule wa Sheng wasiweze kabisa, kwa kuwa hakuna anayeufunza. Msichana mmoja alisimama akasema kwamba Kayole ina ngeli tatu tu: ya watu, ya kitu kimoja na ya vitu vingi. Kisha akauliza ngeli nyingine za kitabuni zina kazi gani ikiwa tatu zinatosha. Tulilijibu swali lake kwa kutumia pengo la mitungi: kama si wa na mwingine, tungejuaje kilichofutwa? Hakuridhika sana. Alisema kwamba mtu angeweza kuuliza tu.